Diski Nzima, Mafaili Yaliyokataa Kufunguka

Mwalimu aliketi kando yangu, miwani mkononi, akingoja nimwoneshe mitihani yake. Kompyuta yake mpakato ilikuwa imekufa kabisa: ukibonyeza kitufe cha kuwashia, hakuna taa, hakuna feni, hakuna mlio. Fundi aliyeipima kabla yangu alikuwa amesema ubao mama umeungua na haifai tena kutengenezwa. Diski huenda ilikuwa bado nzima, kwa hiyo niliitoa, nikaichomeka kwenye kompyuta yangu kwa adapta ya USB, na baada ya muda mfupi ikajitokeza kwenye orodha ya diski. Tukaingia kwenye folda ya Users. Jina lake lilikuwa pale, kwa herufi zilezile alizoandika mwenyewe alipoianza kompyuta ile. Nikalibonyeza mara mbili.

Ujumbe ukatokea kwamba sina ruhusa ya kuifungua folda hiyo.

"Lakini hilo ni jina langu, mwanangu," akasema.

Nilimweleza kwamba chini ya ujumbe ule kulikuwa na kitufe cha kuendelea, na kwamba nikikibonyeza, kuna uwezekano mkubwa folda ikafunguka bila mtu kuulizwa nenosiri. Nilidhani atafurahi. Badala yake alikitazama kioo kwa muda, kisha akauliza: "Kwa hiyo yeyote atakayeiokota diski hii atabonyeza hapohapo na kuingia?"

Nikajibu kwamba ndiyo.

"Basi miaka yote hii ilikuwa inamzuia nani?"

Kazi yenyewe imekwisha, lakini swali lake limeendelea kunisumbua kwa majuma kadhaa, na ndilo lililonifanya niandike.

Namba iliyo nyuma ya jina

Katika Windows, diski nyingi hupangwa kwa NTFS, mfumo wa mafaili uliokuja na Windows NT mwaka 1993. Ndani yake kila faili na kila folda hubeba maelezo ya usalama: nani mmiliki, nani anaruhusiwa kusoma, nani kuandika, nani kufuta. Sisi tukiyatazama maelezo hayo tunaona majina ya watu, lakini majina hayo hayamo ndani ya maelezo yenyewe. Kilichoandikwa ni namba ndefu inayoanza na S-1-5-21, ikifuatwa na mafungu ya tarakimu yaliyozalishwa mfumo ulipowekwa kwenye mashine ile, na mwishoni namba fupi ya akaunti yenyewe, mara nyingi 1001 kwa mtumiaji wa kwanza.

Kompyuta ya Mwalimu ilipokuwa hai, ilikuwa na daftari la kutafsiri namba hiyo kuwa jina lake. Kompyuta yangu haina daftari hilo. Nilipofungua ukurasa wa ruhusa za folda yake, mahali ambapo jina lake lingekuwapo palisomeka kuwa ni akaunti isiyojulikana, na namba nzima ikatandazwa baada ya hapo. Ndiyo maana hata ukifungua akaunti mpya kwenye mashine nyingine, ukaipa jina lilelile na nenosiri lilelile, mlango hautafunguka. Mashine mpya humpa mwenye jina hilo namba nyingine, na kwa NTFS huyo ni mgeni.

Jambo hili lilinishangaza zaidi nilipolilinganisha na Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta. Huko mmiliki wa faili ni namba fupi tu, na katika matoleo mengi akaunti ya kwanza hupewa namba 1000. Ukiichomoa diski ya Linux kwenye kompyuta moja na kuichomeka kwenye nyingine, mtumiaji wa kwanza wa mashine ya pili naye ni 1000, na mafaili ya mtu asiyemfahamu humfungukia kana kwamba ni yake. Windows ilimkataa mwenye mali kwa kuwa namba zimetofautiana. Linux ingempokea mgeni kwa kuwa namba zimelingana. Katika hali zote mbili, hakuna aliyeuliza wewe ni nani hasa.

Kulikuwa na jambo jingine dogo lililonitatiza. Folda za watumiaji wa Windows kwa kawaida huliruhusu pia kundi la wasimamizi, na kundi hilo lina namba ileile kwenye kila mashine duniani: S-1-5-32-544. Mimi ni msimamizi kwenye kompyuta yangu. Mbona basi nilikataliwa? Jibu ni kwamba tangu Windows Vista, hata msimamizi anapofanya kazi zake za kawaida, programu zake huendeshwa zikiwa zimevuliwa cheo hicho, na hurudishiwa pale tu anapothibitisha. Kitufe cha kuendelea ndicho kilichokuwa kikinitaka nithibitishe. Kwa maneno mengine, ruhusa nilikuwa nayo tangu mwanzo.

Kabla ya kubonyeza

Sikukibonyeza. Kitufe kile hakifungui mlango kwa muda tu. Kinaongeza akaunti yako kwenye orodha ya ruhusa ya folda ile na kila kilichomo ndani, maelfu kwa maelfu ya mafaili, na nyongeza hizo zote huandikwa kwenye diski ileile unayojaribu kuiokoa. Amri ya takeown, ambayo watu wengi hushauriana kuitumia, huenda mbali zaidi: humwondoa mmiliki wa zamani na kukuweka wewe. Ikiwa diski ni mzima, madhara ni kidogo. Ikiwa diski imetoka kwenye mashine iliyoungua, hujui afya yake, na kuiandikia chochote kabla ya kunakili ni kuichosha kwa kazi isiyo na faida kwa mwenye mafaili.

Kwa hiyo nilianza na nakala ya diski nzima. Niliwasha kompyuta yangu kwa Linux kutoka kwenye flashi na kutumia ddrescue, programu inayosoma diski sehemu baada ya sehemu bila kujali faili ni la nani. Uzuri wake ni mpangilio wake wa kazi: kwanza huchukua maeneo yanayosomeka kwa urahisi, hurukia mbele pale panapogoma, na hurudi kwenye sehemu mbovu mwishoni, huku ikiweka kumbukumbu ya ilipofika ili ukisimamisha kazi usianze upya. Sehemu chache za diski ya Mwalimu zilikuwa nzito kusomeka. Zilirukwa, zikarudiwa, na karibu zote zikapatikana.

Hapo swali la Mwalimu lilinirudia kwa uzito mpya. Ddrescue haikuuliza ruhusa ya mtu yeyote. Na hata kama ningeipita na kufungua folda zake moja kwa moja ndani ya Linux, kiendeshi cha ntfs-3g, kinachoiwezesha Linux kusoma NTFS, kisipoelekezwa vinginevyo, hakizingatii zile orodha za NTFS. Kila kitu kilikuwa wazi, mitihani na picha na barua.

Ruhusa za NTFS ni kama orodha ya majina aliyokabidhiwa bawabu: zina nguvu maadamu bawabu yupo langoni. Windows ya Mwalimu ndiyo iliyokuwa bawabu, nayo ilikuwa imelala ndani ya diski, haiendeshwi na yeyote.

Kutoka kwenye nakala ile nilichukua mafaili ya Mwalimu kwa robocopy, amri iliyomo ndani ya Windows tangu Vista, nikiipa kibali cha kusoma kama programu ya kuhifadhi nakala, yaani /B. Kibali hicho humwezesha msimamizi kusoma bila kubadilisha mmiliki wala orodha ya ruhusa, na kwa mipangilio yake ya kawaida robocopy haibebi ruhusa za zamani. Mafaili yakifika kwenye diski mpya hupata ruhusa za nyumba mpya. Jambo moja ninalomwomba kila anayeitumia alizingatie: isipoelekezwa, robocopy hurudia faili linalokataa mara 1,000,000, ikisubiri sekunde 30 kila mara. Hiyo ni karibu siku 347 kwa faili moja. Iwekee kikomo, /R:1 (irudie mara moja tu) na /W:1 (isubiri sekunde moja), na kazi itaenda.

Kuna makatazo mengine ambayo hayalindi chochote. Kwenye diski ya Windows utaona folda ya Documents and Settings, na ndani ya folda ya mtumiaji utaona Application Data na nyingine za aina hiyo, zote zikikataa kufunguka. Nimewahi kukutana na watu waliovunjika moyo mbele ya folda hizo, wakiamini kwamba kazi zao za miaka zimefungiwa humo. Hazina kitu. Ni vielekezo vilivyowekwa kwa ajili ya programu za zamani, vikielekeza kwenye mahali papya, na vimekatazwa kuorodheshwa makusudi. Mafaili yenyewe yamo ndani ya Users.

Folda ya pili

Karibu na jina la Mwalimu palikuwa na jina la mwanawe, aliyeitumia kompyuta ile kwa miaka kabla ya kuhama na kuanza maisha yake.

"Na ya huyo fungua pia," Mwalimu akasema. "Ni mtoto wangu."

Kiufundi hapakuwa na tofauti yoyote. Amri ni ileile, ningebadilisha jina moja tu. Hapo ndipo niliposita kwa mara ya kwanza, kwa sababu katazo lililomzuia Mwalimu lilikuwa limekosea mtu, ilhali katazo hili la pili lilikuwa sahihi kabisa: mimi sikuwa mwenye folda ile, wala mama yake hakuwa. Mashine iliyojua tofauti hiyo ilikuwa imekufa. Aliyebaki kuijua ni mimi.

Nilimwambia, "Mama, tumpigie kwanza."

Sidhani alipenda, lakini alipiga. Mwanawe akasema nichukue picha zote, na pia folda ya kazi aliyokuwa akiandika enzi zile, ambayo alikuwa amekata tamaa ya kuiona tena. Mengine niyaache. Nikafanya hivyo, na picha zikaja bila shida.

Folda ya kazi haikuja.

Katazo la aina nyingine

Majina ya mafaili yalionekana yote, kila moja likiwa na alama ndogo ya kufuli pembeni. Robocopy ikayakataa. Nilijaribu juu ya nakala kumpa mmiliki mwingine, na umiliki ukabadilika bila kelele, lakini faili likaendelea kukataa kwa ujumbe uleule wa kukosa ruhusa. Hili ndilo linalowapoteza wengi: Windows hutumia karibu maneno yaleyale kwa makatazo mawili yasiyohusiana kabisa.

Mafaili yale yalikuwa yamesimbwa kwa EFS, mfumo uliokuja na Windows 2000, ambao bado umo kwenye matoleo ya kikazi ya Windows lakini haumo kwenye matoleo ya nyumbani. Yaliyomo ndani ya kila faili yamegeuzwa kuwa data isiyosomeka bila ufunguo. Ufunguo wa kijana huyo ulikuwa palepale kwenye diski, ndani ya folda yake, lakini nao umefungwa kwa siri nyingine inayotokana na nenosiri lake la kuingilia. Hapa huhitaji bawabu. Hata uihamishie diski kwenye mashine gani, hata uwe msimamizi wa namna gani, kilichomo ni tarakimu zisizo na maana.

Mtu mmoja mwenye uzoefu alinishauri niifute kwa nguvu nywila ya akaunti ile kutoka nje, kwa programu zinazofanya hivyo, kisha niingie kama yeye. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, na kwa folda za kawaida hauna madhara. Kwa mafaili ya EFS unaweza kuwa hukumu ya mwisho. Siri inayofungua ufunguo hutokana na nenosiri la zamani. Ukilibadilisha kutoka nje, mfumo hauna njia ya kuufungua ufunguo na kuufunga upya kwa nenosiri jipya. Utaingia kwenye akaunti yake, utaona mezani pake, na mafaili yatabaki vilevile. Kama una nakala ya diski ya kabla ya kubadilisha, unaweza kurudi nyuma. Kama huna, na nenosiri la zamani halikumbukwi na mtu, basi.

Njia iliyobaki ilikuwa kumfufua bawabu mwenyewe. Niliiandika ile nakala kwenye diski nyingine, nikaifunga kwenye kompyuta ya zamani ambayo haikuwa na kazi, nikaiwasha. Windows za miaka ya karibuni huvumilia kuhamishwa mashine kuliko zile za zamani: ilitayarisha vifaa, ikajizima na kujiwasha, kisha majina mawili yakatokea kwenye skrini ya kuingilia.

Kijana alipokuja kumtembelea mama yake, aliketi mbele yake na kuandika PIN yake ya tarakimu nne. Mashine ikasema PIN hiyo haipatikani.

Alinitazama kwa wasiwasi, na nilikuwa na sababu ya kuwa nao mimi pia. PIN ya Windows hufungamanishwa na chipu ya usalama ya mashine ileile ilipowekwa, na chipu hiyo ilikuwa imekufa pamoja na ubao mama. Kilichohitajika ni nenosiri lenyewe, ambalo hakuwa amelitumia tangu aizoee PIN. Tulikaa tukimngoja akumbuke. Sikumshauri chochote, niliona ni vyema hata nisitazame kibodi. Nenosiri la tatu au la nne likakubali, na folda ya kazi ikafunguka kwa mbonyezo mmoja, kana kwamba haijawahi kuwa na shida.

Aliondoa usimbaji kwenye mafaili aliyoyataka, kisha akahamisha ufunguo wake kama faili la PFX lenye nenosiri lake, jambo ambalo Windows ilikuwa imemkumbusha kulifanya siku aliposimba mara ya kwanza.

Kama ingekuwa diski nzima

Nimefikiria mara nyingi namna kazi hii ingekuwa kama kompyuta ile ingekuwa mpya. BitLocker, iliyokuja na Vista mwaka 2007, husimba diski nzima, na Windows 11 toleo la 24H2 la mwaka 2024 limepanua idadi ya mashine zinazosimbwa zenyewe pale mtu anapoiweka upya na kuingia kwa akaunti ya Microsoft. Mwenye kompyuta anaweza asijue kabisa. Siku ubao mama unapokufa, diski ikichomekwa pengine, huombwa ufunguo wa urejeshaji: tarakimu 48 katika makundi 8 ya tarakimu 6, na kila kundi hugawanyika kwa 11 bila baki, ndiyo maana mfumo hugundua mapema ukikosea kuandika kundi moja. Mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti ya mtandaoni ya mwenye mashine, na wengi hupona kwa njia hiyo. Asiyeweza kuingia kwenye akaunti hiyo hana pa kwenda.

Kompyuta za Mac zenye chipu ya usalama ya T2, na zile za Apple silicon (chipu za Apple yenyewe) zilizoanza kuuzwa mwaka 2020, nyingi hazitoi hata nafasi ya kuchomoa diski na kujaribu. Hifadhi yao husimbwa kwa ufunguo unaotegemea chipu iliyo kwenye ubao mama wenyewe, kwa hiyo ubao ukifa kabisa, hifadhi peke yake haisomeki popote. Kilichobaki hapo ni chelezo, yaani nakala iliyohifadhiwa pengine, kama ipo.

Naunga mkono mwelekeo huu, ingawa nimeona watu wakiumia kwa sababu yake. Kompyuta huibwa, huuzwa, hutupwa zikiwa na diski ndani, na kila diski isiyosimbwa iko wazi kama ile ya Mwalimu ilivyokuwa mezani kwangu. Ninachokiona kuwa dhuluma ni mtu kufungiwa mali yake kwa kufuli ambalo hakuambiwa kwamba lipo.

Aliyekuwa akizuiwa

Nililipata jibu la swali la Mwalimu pale yeye na mwanawe walipokuwa wakitazama picha. Kijana alisema kwamba alipokuwa mwanafunzi katika shule aliyokuwa akifundisha mama yake, aliwahi kujaribu kuifungua folda ya mitihani usiku, akakataliwa, akaombwa nenosiri la msimamizi ambalo hakuwa nalo. Mama yake alikuwa hajawahi kulisikia hilo.

"Basi ilikuwa inamzuia huyu," nikamwambia.

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Lakini ni kweli tupu. Ruhusa zile ziliwekwa kwa ajili ya watu wanaotumia mashine moja iliyo hai, na kwa ajili ya programu zinazoendeshwa ndani yake, na kwa watu hao zilifanya kazi yake kwa uaminifu miaka yote. Hazikuwahi kuahidi kumzuia mwenye bisibisi.

Nakala iliyobaki kwangu

Baada ya wao kuondoka na mafaili yao, kwenye diski yangu lilibaki faili moja kubwa: ile nakala ya ddrescue, yenye kila kitu cha Mwalimu, na kila kitu cha mwanawe, pamoja na yale aliyoniambia niyaache. Mmiliki wake, kwa mujibu wa kompyuta yangu, ni mimi. Vivyo hivyo ile diski niliyoitumia kuifufua Windows yao.

Niliwaomba wafungue mafaili yao moja baada ya jingine kwenye mashine zao, si kuhesabu folda tu, kwa sababu faili lililopitia sehemu mbovu ya diski linaweza kuwa na jina kamili na ukubwa kamili lakini lisifunguke. Mitihani miwili ya Mwalimu ilikuwa hivyo, nikairudia kutoka kwenye diski ya asili. Waliporidhika wote wawili, nililifuta faili lile, nikaiandika sifuri diski ya pili kutoka mwanzo hadi mwisho, na diski ya asili nikaikabidhi kwa Mwalimu. Aliniuliza kama anaweza kuitupa. Nikamwambia asiitupe kabla hatujaiandika sifuri nayo, na tukakubaliana kwamba mwanawe awepo siku hiyo, kwa kuwa nusu ya vilivyomo ni vyake.